Shikamoo Kabla ya Mechi

Jumatatu, 8 Desemba

Hili sijamwambia mtu yeyote: sitaki kuwa daktari. Kila mgeni anayeingia dukani kwa baba huambiwa kwamba Abdillahi wetu yuko kidato cha tatu, haachi kusoma, atakuwa daktari. Mimi hutabasamu tu. Ukweli ni kwamba nataka kucheza gemu mpaka uzeeni. Nilianza na nyoka wa kwenye simu ya vitufe ya baba, kabla sijajua kusoma. Nikahamia magari ya kwenye simu ya mama. Sasa niko kwenye mpira wa runinga, banda la gemu la Kaka Antipasi, hapa kijijini Mkiwa, njia panda. Sioni sababu ya kuacha.

Leo Kaka Antipasi katangaza mashindano. Jumamosi! Bingwa atakuwa mwangalizi wa banda likizo nzima. Atafungua asubuhi. Atajaribu pedi zote za kuchezea peke yake kabla mtu hajafika. Likizo nzima! Lazima niwe mimi.

Kikwazo ni Obadia, mpinzani wangu wa bandani. Si kwamba ananizidi. Leo nilikuwa namwongoza mawili bila. Mara akaingia Mzee Alute kuchaji simu. Nikaweka pedi chini, nikasimama, nikamwamkia kwa mikono miwili. Mzee akauliza habari za baba, za bibi, za masomo, za mvua. Na sheria ya banda ni kwamba mechi haisimamishwi. Nilipokaa nilikuwa nimefungwa matatu. Obadia yeye alitupa "kamoo" ya begani bila hata kugeuka. Akaniambia, "Pole, Profesa. Ungekuwa huna adabu ungeshinda."

Hii ni kazi ya bibi yangu, Bibi Maryam, ndiye aliyenilea hivi. Kwake, kumwamkia mkubwa ukiwa umekaa ni sawa na kumtupia chakula.

Jumanne, 9 Desemba

Mbinu ya kwanza: kutosikia. Nilivuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, hedifoni ndani yake. Nilicheza vizuri ajabu! Mama Lazaro, muuza mayai wa stendi, akaingia kutafuta chenji, akatujulia hali. Sikumsikia. Wallahi sikumsikia.

Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika. Bibi aliniuliza kama masikio yangu yamefungwa kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru. Jioni nzima nimemchotea Mama Lazaro maji, huku akimweleza kila mteja kwa nini anachotewa maji.

Baya zaidi, Obadia ameelewa. Sasa akizidiwa tu anachungulia mlangoni na kuita, "Mzee karibu, ingia upumzike kivulini!" Leo kawaingiza wawili kwa mpigo. Njia panda hii haikauki wazee.

Sijakata tamaa.

Jumatano, 10 Desemba

Nimelichukua kama swali la Fizikia. Jambo lenyewe ni rahisi kuliko nilivyodhani. Shikamoo ni moja kwa siku! Ukishamwamkia mtu asubuhi, mkikutana mchana inatosha "tumeshaonana". Kwa hiyo dawa ni kuwaamkia wote mapema, banda likiwa bado limefungwa.

Nikatoka alfajiri, nyumba kwa nyumba. Mimi, ambaye darasani hunyoosha kidole nikiomba nisichaguliwe! Kila mlango nilipumua kwanza. Mzee Alute alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini kama nimefukuzwa shule. Mama Lazaro alinisamehe, akanipa yai la kuchemsha. Mzee wa kwenye mashine ya alizeti alikuwa chooni. Nikamsubiri. Alipotoka alishtuka sana.

Mchana Obadia akamvuta Mzee Alute ndani. Nikaanza kuinuka. Mzee akasema, "Kaa mwanangu, sisi tumeshaonana."

Nne moja! Obadia aliitazama pedi yake kama imemng'ata.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimewaamkia tena, na leo nimeongeza upande wa pili wa barabara. Obadia kanikuta njiani, kaniuliza nagombea nini na kura zinapigwa lini. Mwache acheke. Mchana nimemfunga tano.

Nimeona maisha yangu yote mbele. Nitakuwa mzee mwenye mvi, nimekaa, pedi mkononi. Vijana watakuja kuniamkia. Nitaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye skrini, na hakuna atakayeweza kunilaumu.

Ijumaa, 12 Desemba

Baada ya swala baba karudi amejaa furaha. Kijiji kizima kinanisifu, eti watoto kama mimi wameadimika. Bibi kajifanya hasikii, lakini kaniongezea nyama. Mzee Alute naye kapita dukani. Kesho anapokea wageni kutoka Itigi, wanakuja kumposa mjukuu wake. Kasema anatamani waone jinsi Mkiwa inavyolea.

Nimeitikia vizuri. Sikulifikiria zaidi. Nilikuwa napanga mabeki.

Jumamosi, 13 Desemba

Fainali. Mimi na Obadia. Banda limejaa mpaka dirishani. Mkiwa yote nilikuwa nimeshaiamkia, hata mlinzi wa ghala aliyekuwa amelala. Dakika za mwisho naongoza mbili moja. Obadia anachungulia mlangoni, anaita, wazee wanapunga mkono na kupita. Nilimwonea huruma kidogo.

Ndipo Mzee Alute akaingia. Nyuma yake, wageni wa Itigi. Wote! Makoti, kanzu, vitenge vya kuposea. Akaninyooshea fimbo, akasema, "Kijana mwenyewe ndiye huyu."

Niliitazama pedi. Niliwatazama. Kuna bibi mmoja alikuwa ameshaanza kutoa mkono.

Nikasimama. Nikaanza na mkubwa wao. Kila mmoja alitaka kujua mimi ni wa nani. Yule bibi hasikii vizuri, nikamwamkia upya, kwa sauti, karibu na sikio. Nyuma yangu nikasikia watu wakipiga kelele. Kisha wakapiga tena. Niliomba umeme ukatike. Kila siku hukatika! Leo haukukatika.

Tatu mbili. Mgeni mmoja aliona wachezaji wa kwenye runinga wanakumbatiana, akauliza nani kashinda. Mzee Alute akajibu kwa fahari, "Wa kwetu." Wakanipigia makofi.

Kaka Antipasi akampa Obadia ufunguo. Obadia akanipigia saluti nao. Posa imekubaliwa, wanasema.

Jumapili, 14 Desemba

Sikulala vizuri, lakini nimewaza vizuri. Kaka Antipasi kasema bingwa anaweza kupingwa Jumamosi yoyote. Kwa hiyo bado! Mbinu yangu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa eneo. Nilijiwekea mipaka ya Mkiwa, na wageni hawatoki Mkiwa. Wageni hutoka kwenye mabasi. Wiki hii nitafanya mazoezi ya kuamkia mabasi, ili Jumamosi mkono uwe mwepesi.

Nimekunywa chai, nimevaa shati la shule, nimekwenda stendi. Basi la kwanza liliposimama nikaanza na dirisha la mbele. Mzee mmoja alifungua kioo, akauliza vitunguu bei gani. Nikamwambia siuzi kitu, shikamoo. Akanitazama, akaitikia marahaba. Nikasogea dirisha la pili.