Siku Bibi Emiliana Alipokula Ukuta na Uzio

Sogeeni karibu, enyi mlioshiba na ninyi mnaosubiri chakula. Wekeni ungo chini, mchele upumzike na mawe yake, kwa kuwa habari hii haisikilizwi mikono ikiwa kazini. Ni habari ya Emiliana, mama wa Fabiani, mjane wa mchunga ng'ombe, mwenye subira kama chungu kilichosahauliwa jikoni, aliyeingia peke yake katika hoteli ya mkwewe saa sita mchana, siku ya Jumamosi, akaketi, akala, akatoka hai.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipofika mpaka minadani na kila mwenye kibaraza akakigeuza duka. Fabiani alikuwa mtaalamu wa malisho. Alipelekwa masomoni Meksiko kujifunza majani ya nchi kame, akakaa huko miaka saba, akarudi Mpwapwa na cheti, sanduku la bati na mke. Mke aliitwa Guadalupe. Mji ukalipima jina hilo, ukaliona refu, ukamwita Lupe. Kisha wafanyakazi wakapunguzwa, na Fabiani akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Akapanga meza nne kibarazani, mkewe akawasha jiko, na juu ya mlango wakaandika kwa rangi nyekundu: HOTELI YA MEKSIKO, KARIBUNI NYUMBANI.

Lakini ng'ambo ya barabara alitawala Anyesi, malkia wa supu ya kongoro, mwenye macho yanayoona mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Jumatatu alimwona Lupe akitoka duka la vifaa vya ujenzi na mfuko wa chokaa, ile ile inayopakwa kuta, kisha akiitia katika sufuria ya mahindi. Jumanne akamwona ameinama uzioni na kisu, akikata mpungate, mmea ule wa miiba wenye mapande mapana kama nyayo, ambao Mpwapwa imeutumia tangu enzi na enzi kuzuia mbuzi. Jumatano mji mzima ulikuwa na habari. Na Anyesi akatoa hukumu, amesimama, upawa mkononi kama fimbo ya enzi:

"Mwanamke yule anapika ukuta na uzio. Akivimaliza hivyo, ataanza paa."

Mji ukacheka, na hakuna aliyekwenda kula.

Zikapita wiki tano. Kila mchana Lupe alimpelekea mama mkwe sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, na kila mchana Emiliana alipigana kwa kurudi nyuma. Wiki ya kwanza alilaumu jino. Ya pili ilikuwa Kwaresima, akafunga mpaka siku ambazo kanisa halikuziagiza. Ya tatu lilikuwa tumbo. Ya nne ilikuwa dawa isiyopatana na mahindi. Ya tano hakutoa sababu yoyote. Alishukuru, akafunga mlango, akawapa kuku. Kuku wakala, na wakazidi kutaga.

Aibu ilimla polepole. Maana kila asubuhi, kabla ya kujaza pipa la hotelini, Lupe alikuwa ameshamjazia mtungi wake maji ya bombani, na kata ameiweka juu ya kigoda. Hakuna aliyemwambia kwamba mgongo wa bibi hauinami tena vizuri. Aliona mwenyewe, akaiweka kata juu, wala hakulitaja jambo hilo hata siku moja.

Ijumaa Fabiani akaja, akaketi karibu na mama yake, akazungumza kwa upole. Rafiki yake alikuwa na chumba Dar es Salaam. Wangeondoka na basi la Jumapili.

"Hatuondoki kwa hasira, Mama," akasema. "Lakini hoteli isiyo na mlaji ni jiko tu."

Alipomsindikiza, Emiliana akaliona sanduku la bati kibarazani pa hoteli, limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Alilijua sanduku lile. Lilimchukua mwanawe miaka saba. Dar es Salaam si Meksiko, lakini kwa mwenye umri wake kila safari ya mtoto ni ndefu.

Jumamosi, basi, shujaa akajivika silaha. Akavaa kitenge cha Pasaka. Akafunga kilemba kwa nguvu, kama mtu anayejua kwamba kichwa chake kitatafutwa. Akachukua fimbo, akaikanyaga barabara, ile barabara pana ya hatua thelathini, vumbi likimtangulia kama jeshi. Na pale katikati, mbele ya wanywa supu wote, Anyesi akamzuia kwa maneno.

"Mama Fabiani, rudi. Mimi na wewe tumekula pamoja ubwabwa wa harusi na uji wa matanga. Meno yako yamebaki tisa, nayajua moja moja. Usiyapoteze kwa kutafuna ukuta. Kaa hapa kwangu, nikupe kongoro laini, na mkweo hatajua."

Emiliana akasimika fimbo yake vumbini, akajibu bila haraka:

"Anyesi mdogo wangu, macho yako ni mazuri, yaliiona chokaa ikiingia sufuriani. Yalikuwa wapi ilipokuwa ikitoka? Mimi nimemwona akiyaosha mahindi yale maji ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, akiyasugua hadi maganda yakaachia. Mama zetu walilainisha mboga kwa magadi, nasi hatukusema tunalishwa udongo. Na kama kweli ni ukuta, basi ni ukuta wa mwanangu. Nitaula."

Maneno yalikuwa makubwa kuliko moyo ulioyatoa. Lakini shujaa akaing'oa fimbo vumbini, akamalizia hatua zilizobaki.

Lupe alipomwona mlangoni akamwamkia shikamoo. Akamleta kwenye meza yenye kivuli, akamnawisha kwa birika. Kisha akaleta chapati nyembamba za mahindi zilizofunikwa zisipoe, nyama ya mbuzi, kachumbari ya pilipili zilizochomwa, na mpungate, umetolewa miiba na kukatwa vipande vidogo. Akachukua chapati moja, akaijaza, akaikunja kama barua, akaiweka mbele ya mama mkwe.

Emiliana akaitazama barua ile. Hakujua inasomwa kuanzia wapi. Basi akafanya kama alivyofanya kila siku ya maisha yake: akaikunjua, akamega, akafinyanga tonge kiganjani, akabonyeza kishimo kwa kidole gumba, tayari kuchotea mboga.

Fabiani akafungua kinywa amwelekeze. Lupe akamgusa mkono, naye Fabiani akakifunga. Kisha yeye mwenyewe akavuta kigoda, akaketi kando ya mama mkwe, akaimega chapati yake, akafinyanga. Tonge lake likapasuka. Akafinyanga jingine, nalo likapasuka.

"Bonyeza taratibu, mwanangu," Emiliana akamwambia, akimshika kidole. "Hivi. Unaona? Limekuwa kijiko."

Ndipo akachota mpungate. Na alipoinua mkono, uzi mrefu, mwembamba, unaong'aa, ukatoka sahanini ukamfuata mpaka mdomoni. Shujaa akasita. Hakuna mtu aliyezaliwa nchi ile asiyeujua uzi ule. Akala, akafumba macho. Ng'ambo ya barabara watu wakaacha kutafuna.

"Lupe," akasema, "huu ni mlenda."

"Mbaya, Mama?"

"Mlenda, mwanangu. Mlenda mzuri kabisa. Na miaka yote tumeuotesha uani, tukazuia nao mbuzi."

Akachota tena, sasa kwa ujasiri uliopita kiasi, akaigusa kachumbari. Pilipili ikampiga pigo kuu. Machozi yakamtoka, kilemba kikalegea. Anyesi alipoyaona machozi alijua ukuta umemuua rafiki yake, akavuka barabara mbio na upawa wake, wanywa supu wakimfuata, wakaujaza mlango.

Emiliana hakuwa na pumzi ya kusema. Alinyoosha mkono tu, wenye tonge lililotiwa mlenda, akamwekea Anyesi kiganjani. Na tonge la mkononi, kutoka kwa mkubwa wako, halikataliwi. Anyesi akalitazama, akaitazama dunia mara ya mwisho, akalila.

Akatafuna muda mrefu.

"Chumvi imepungua," akanena, akanyoosha mkono apewe jingine.

Mabenchi yakajaa mara moja. Anyesi peke yake akabaki wima, na kwa kuwa haifai malkia ale amesimama, Fabiani akalivuta sanduku la bati lililofungwa kamba, akamkaribisha. Anyesi akakaa na uzito wake wote, bati likalia, mfuniko ukabonyea. Hakuinuka mpaka alasiri. Jumapili baada ya ibada akarudi pale pale, na basi la Dar es Salaam likaondoka bila sanduku.

Basi ikumbukwe Mpwapwa, vizazi na vizazi, kwamba Emiliana wa meno tisa alikula ukuta, akala na uzio, na nyumba ya mwanawe ikabaki imesimama. Tangu siku hiyo mji wote hula chapati ile kwa tonge. Na Lupe, ambaye kwao hailiwi hivyo hata kidogo, hajamwambia mtu mpaka leo.