Kabati Lililokataa Kuachia Viatu vya Mjomba

Leo nimeadhirika. Mimi, mwalimu wa sayansi, nyumbani kwangu mwenyewe, hapa hapa Newala. Barua hii naipakia basi la kesho, nanyi wenzangu wa chuo naomba msiisome kwa sauti.

Mnajua kwamba namposa Zuhura. Kwao neno la mwisho si la baba, ni la mjomba. Juzi Zuhura akanionya: "Mjomba akiingia kwa mtu anatazama mlangoni kwanza. Akikuta viatu ovyo, basi tena." Na vyangu vilikuwa ovyo kweli. Tangu mitumba iruhusiwe nimejaza pea sita (zamani nilikuwa na moja, na nilijua ilipo), zote sakafuni, na mchwa walishamaliza kisigino cha kiatu kimoja.

Basi leo ndiyo siku ya mjomba, baada ya alasiri. Alfajiri nimeshaamka. Siwezi kukaa. Nimefagia ua. Nimechungulia barabarani. Nimefagia tena, hakuna hata jani. Nikaona nitachanganyikiwa, nikaazima nyundo na msumeno, nikaunda kabati la viatu kwa mbao za masanduku. Rafu tatu. Mguu mmoja ulitoka mfupi (niliupima, sijui ulipungua lini), nikauwekea tofali.

Bado mchwa. Nikakumbuka jirani yangu, Mama Salima, anayebangua korosho na kuhifadhi yale mafuta meusi ya maganda kwenye kopo. Mchwa hawayagusi. Nikaenda kuomba.

"Mwalimu, haya tunapaka nguzo za uzio," akasema. "Hayakauki leo wala kesho."

"Kwa jua hili lote, Mama Salima?"

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikapaka mara mbili. Kabati likang'aa, nikalipenda. Adhuhuri nikaligusa kwa kidole, pale juu panapopigwa na jua. Pakavu. (Ndani sikugusa. Ndiyo sayansi yangu hiyo.)

Mjomba akafika na mzee mwenzake. Nikatoka mbio kuwapokea.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

Wakavua viatu wakitaka kuviacha kizingitini, kama watu wote. Ningenyamaza hapo, sasa hivi ningekuwa mchumba wa mtu. Lakini nikasema, "Hapana wazee wangu, vina mahali pake," nikavipanga rafu ya kati. Vya mjomba vilikuwa vya ngozi, vipya, bado vinanukia duka. Akalitazama kabati, akamgeukia mwenzake. "Kijana huyu ana mpango." Nikafurahi, nikawakaribisha ndani.

Tukakaa kama saa nzima. Chai, mihogo, maswali ya ukoo. Mwishowe mjomba akasema, "Sisi kwa upande wetu hatuna neno baya. Ngoja tuvae viatu, nikupe jibu tukiwa tumesimama."

Akavuta kiatu. Hakikuja. Akavuta kwa mikono miwili, likaja kabati zima, tofali likabaki. Mwenzake akashika upande wa pili, nami nikashika katikati, tukavutana kimya kimya, watu wazima watatu. Kisha kiatu kikatoka ghafla na mjomba akakaa chini. Soli ilibaki kwenye rafu.

Nikakimbilia pipa. Maji yalikuwa kata mbili (Newala na shida ya maji, mnaijua), nikayamwaga yote, yasisaidie kitu. Mama Salima akaita kutoka ng'ambo ya uzio: "Mafuta ya taa, Mwalimu! Na usijiguse usoni, yanababua!"

Nilikuwa nimeshajigusa.

Mjomba akajitazama viganja, vyeusi tii. Akaniuliza taratibu, "Wewe una pea ngapi?"

"Sita, mzee. Moja haina kisigino."

Nikazitoa uvunguni nilikozificha asubuhi, akachagua iliyo nzuri kuliko zote. Mwenzake akachukua inayofuata. Wakashika njia, viatu vikimpwaya mjomba kidogo kwa nyuma. Nikawafuata hadi barabarani, nimeshindwa kuvumilia.

"Mzee, na jibu?"

"Jibu utalipata siku tutakayorudisha viatu."

Sasa nimekaa mlangoni, shavu linawaka, kila nikisikia hatua nasimama. Msinicheke. Nilihangaika na mchwa siku nzima, na mchwa, pamoja na ulafi wao wote, hawajapata kumnyima mtu mke.