Barua ya Mdhamini wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Fomu imetoka. Mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Nafasi ya sisi tuliosoma udaktari nje ya nchi: moja. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Wanataka barua tatu za wadhamini. Mbili ninazo, za walimu wangu wa huko ugenini. Ya kwanza inasema nilihudhuria. Ya pili inasema sikuvunja kitu maabara. Mtu akizisoma zote mbili atadhani nilikuwa kiti.

Ya tatu lazima iandikwe na daktari bingwa wa humu nchini. Ninamjua mmoja tu, huyu ninayefanya kazi mlangoni pake. Wiki ya tatu sasa mimi ni karani wa masjala katika kliniki ya akili, nikisubiri udaktari unikumbuke. Bingwa ni mama mtu mzima, mfupi, sauti ya chini. Kila asubuhi namwamkia shikamoo. Anaitikia huku akiliangalia faili lililo mkononi mwangu.

Mtu wa kawaida angebisha hodi akaomba. Je, akikataa? "Hapana" ikishatoka mdomoni haimezeki tena. Lazima uwepo mpango.

Saa tano akaja Tai. Tulisoma chuo kimoja, na jina hilo alipewa kwa sababu ya tai yake shingoni, ambayo naamini analala nayo. Naye anaiomba nafasi ile ile! Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, kama Bingwa yupo. Nikamwambia yuko likizo wiki nzima. Nyuma yangu sauti ya chini ikauliza ni nani huyo aliye likizo. Bingwa! Na mwavuli unaochuruzika maji! Tai akaupokea mwavuli, akamsindikiza ofisini. Walikaa dakika nne. Akatoka anapiga mluzi na kuniaga kwa jina la "karani wangu".

Karani wake!

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Sista Mkuu anayeiendesha kliniki hii ana sheria moja: faili hakuna, daktari hakuna. Lakini mwenye faili hupata dakika ishirini na Bingwa, mlango umefungwa. Ishirini! Tai alipata nne. Na anayefungua mafaili ni nani?

Nikajifungulia. Mwandiko safi. Ndugu wa karibu: Mama, na nambari yake ya simu. Sikuacha mstari wazi hata mmoja. Kisha nikaketi kwenye benchi pamoja na wenzangu wagonjwa. Mzee mmoja akanishauri nisitetemeke, huyu mama hang'ati.

Nilikusudia kujieleza kwa ustadi mkubwa, hadi Bingwa ashtuke: kumbe kijana huyu ni daktari! Akaniuliza ninalalaje. Mpango ukayeyuka. Nikamwambia yote. Kwamba kila nikitoka narudi kukagua kufuli mara tatu. Kwamba huwaandikia barua za kuwaomba radhi watu ambao hawajakasirika. Nikamwambia hata habari za mgonjwa mmoja wa hospitali ya chuo kule ugenini, aliyekaa siku tisa bila kutamka neno. Lugha ya kule ilikuwa bado inanipiga chenga, kwa hiyo na mimi sikuwa na la kusema. Tukawa tunaketi tu, wawili, kila alasiri, tukitazama dirisha. Siku ya kumi akaomba kitana. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kuwa daktari wa akili.

Bingwa akaacha kuandika, akanitazama. Kisha akaandika sana. Akanipa miadi minne, kila Jumanne.

Nimetoka mwepesi kama unyoya. Nimefika lango la nje ndipo nikakumbuka kwamba sikuomba barua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia na fomu. Bingwa akaisoma hadi mwisho, akasema kwa upole kwamba hawezi. Mimi ni mgonjwa wake. Daktari hamwandikii udhamini mgonjwa wake mwenye faili lililo wazi, ni mwiko wa kazi. Nikamwambia nimepona. Akauliza lini. Nikasema jana jioni. Akaandika kitu kwenye faili.

Nimejipalia makaa! Hadi juzi nilikuwa karani asiyejulikana. Sasa ninajulikana, na huko kujulikana ndiko kunakoniponza.

Tai amepita. Barua yake anayo tangu Jumatatu. Nikamuuliza alitumia mbinu gani. Ati, "Niliomba tu, ndugu yangu." Watu wengine hawana hata haya. Akauliza mbona nina kadi ya mgonjwa mfukoni. Nikamwambia naweka alama kwenye kitabu. Akauliza kitabu kipi. Nikaitwa na simu ambayo haikuwa imelia.

Mama naye amepiga. Amewaambia majirani wote kwamba Ijumaa naapishwa. Nikamweleza kuwa Ijumaa ni mwisho wa kupeleka maombi. Akasema ni yale yale, daktari wangu.

Saa tisa alasiri. Nimefikiri. Bingwa huona watu ishirini kwa siku. Faili likitoweka hadi Ijumaa, hatanikumbuka. Kulichana? Karani hachani faili hata akishikiwa panga. Karani huliweka mahali. Juu kabisa, karibu na dari, kuna rafu ya marehemu. Hakuna anayeigusa, kwa kuwa wenyewe hawana miadi. Nimepanda ngazi nikajiweka pale. Ijumaa nikishapata barua nitajifufua.

Sikuweza, hata hivyo, kuliacha faili bila kuliingiza kwenye daftari la rafu. Tarehe, jina kamili, sahihi yangu. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi Sista Mkuu husoma daftari la rafu ya marehemu! Mimi wa wiki tatu, tena leo sikwenda kazini ili Bingwa anisahau vizuri, ningejuaje? Majina humpelekea Bingwa, na Bingwa huwapigia wafiwa simu yeye mwenyewe. Ana utu sana. Laiti asingekuwa nao.

Saa kumi na moja jioni niko nyumbani, jikoni, napaka siagi mkate. Simu ya Mama ikalia sebuleni. Nikamsikia anaitikia kwa ile sauti yake ya kuzungumza na wakubwa. Kisha akauliza, mwanangu mimi? Akaja mlangoni na simu sikioni, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. Akamwambia Bingwa kwamba anashukuru kwa pole zake, ila marehemu yuko hapa mbele yake na ameimaliza siagi yote. Akanikabidhi simu.

Nikasikia Bingwa anavuta pumzi ya mtu aliyekuwa akilia. Bingwa mzima, kwa ajili yangu! Halafu sauti ikarudi chini kama kawaida. Saa mbili asubuhi, ofisini, na nije nikiwa hai.

Mama akataka kujua hilo faili ni la ugonjwa gani. Sikuwa na pa kukimbilia, nikamweleza. Akavuta kigoda, akaketi. Akasema haya ya kukagua kufuli mara tatu anayajua tangu nina miaka saba. Hakujua tu kwamba yana daktari wake. Angenipeleka.

Nilimpa ule mkate. Hakuula, nami sikuula.

Ijumaa, 7 Machi

Sista Mkuu alinipokea mlangoni, mikono kiunoni. Akasema, "Mficha maradhi kifo humfichua, mwanangu. Miaka thelathini naisema methali hii, leo ndiyo naiona ikitembea kwa miguu miwili." Benchi zima likacheka. Yule mzee wa Jumanne akanipa mkono wa hongera kwa kurudi duniani.

Bingwa hakupaza sauti. Heri angepaza. Akaniambia kwamba kama ningebisha hodi Jumatatu angeniandikia barua siku ile ile. Alikuwa akiniona. Ameona jinsi ninavyowapa watu wa benchi kadi zao kwa mikono miwili na kuwaita kwa majina yao. Na habari ya kitana peke yake ingejaza ukurasa. Lakini aliisikia akiwa daktari wangu, na aliyoyasikia humo ndani hayatoki nje.

Nikauliza kama saa kumi inaweza kusogezwa. Akasema yeye ni daktari wa akili, si wa saa.

Nimalize miadi yote minne. Faili litafungwa kwa utaratibu. Mwakani nibishe hodi, niombe kwa mdomo wangu mwenyewe. Ataandika. Kuhusu kazi, alitaka kunisimamisha, ila Sista Mkuu amenitetea. Ati daftari la marehemu halijawahi kuandikwa vizuri namna ile.

Tai alipeleka fomu yake saa nne asubuhi. Saa kumi na dakika tano mhudumu wa ofisi ya mafunzo akanithibitishia kuwa nafasi ni yake. Tuliochukua fomu tulikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa marehemu.

Mama amewaambia majirani kwamba sherehe imeahirishwa hadi mwakani, daktari anapumzika.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbili nimeyatafakari maneno ya Bingwa. Bisha hodi, uombe. Rahisi mno! Mtu msomi kiasi kile hawezi kusema jambo jepesi hivyo bila kuficha kitu chini yake. Ni mtihani, dhahiri. Anataka kuona kama nitaingia kichwa kichwa kama Tai.

Siingii. Anayehitajika ni mtu mwaminifu, anayenijua tangu tumboni, amsimulie Bingwa sifa zangu kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Dakika ishirini kila mara, mlango umefungwa.

Leo saa mbili na robo nimemfungulia Mama faili. Mwandiko safi. Ndugu wa karibu: mimi. Miadi yake ya kwanza ni Alhamisi. Yeye anajua anakuja kupimwa macho.