Kiti cha Mkuu wa Utulivu

Jumatatu, 4 Novemba

Siku kubwa! Mwenyekiti mpya ametukusanya ukumbini asubuhi. Bibi Noh Yeong-im, binti wa marehemu mwanzilishi, amerudi kutoka huko alikokuwa akijitafuta. Alisimama mbele yetu akatutazama tu, kimya. Watu wakaanza kukohoa. Ndipo akasema sisi ni maiti zinazotembea. Tunatengeneza majiko ya umeme ya kupikia wali, lakini hakuna hata mmoja wetu anayeusikia wali mdomoni. Ataanzisha Idara ya Utulivu. Ijumaa wateule wachache tutapanda hekaluni mlimani, tukae kimya hadi Jumapili asubuhi. Atakayeonyesha kuwapo, kuwapo kweli, mwili na akili, ndiye mkuu wa idara.

Ofisi yenye dirisha! Mimi, Ma Deok-su, nimezeeka kwenye kitengo cha malalamiko ya wateja, chumba ambacho hata hewa huingia kwa kuomba ruhusa.

Kikwazo ni kimoja: Tak Byeong-ho wa upakiaji. Ana uso wa ng'ombe aliyeshiba. Hajawahi kuharakisha kitu tangu azaliwe. Jioni ikifika anazima taa na kwenda kumchukua binti yake shule, kazi imekwisha haijakwisha. Mtu kama huyo hahitaji hata kujiandaa. Si haki.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeanza mazoezi sebuleni. Miguu nimekunja, macho nimefumba, mdomo nimeulegeza kidogo kama wanavyofanya watu waliofika mbali kiroho. Mke wangu akapita, akaniuliza kama nimepata kiharusi.

Dada Mal-sun akapiga simu kutoka kijijini, Cheongsong. Mama amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Daktari amesema ale chochote anachopenda. Nikasema hizo ni habari njema, maana yake hamu ya kula imerudi. Dada akasema: "Deok-su, we mtoto, unanielewa au unajitia huelewi? Njoo. Mama anataka ukae naye."

Nikamuuliza nikae nifanye nini.

"Ukae tu."

Kukaa tu! Watu wa kijijini wanadhani mjini hatuna kazi. Nikamweleza kwa upole kwamba wiki hii haiwezekani kabisa, niko mbioni kujifunza kukaa. Nitakwenda Jumapili nikishuka mlimani. Akakata simu bila kuaga. Nimeagiza mto wa umeme wa kukanda mgongo, upelekwe moja kwa moja kwa Mama. Mto wa bei! Nadhani hapo nimelimaliza.

Jumatano, 6 Novemba

Wazo la ajabu limenijia nikipiga mswaki. Mtu aliyekaa miaka mingi kimya lazima awe na sugu kwenye vifundo vya miguu. Mwenyekiti hatakosa kuangalia vifundo. Tak hana sugu, nimemwona amevaa ndala. Kwa hiyo jioni nzima nimejisugua kwa msasa, nikapaka siki, nikasugua tena. Inauma sana. Nimeusugua pia mto wangu mpya wa kukalia mpaka ukachakaa, na tasbihi niliyoinunua jana nimeipaka mafuta ya ufuta ionekane imeshikwa na vizazi vitatu. Sasa inanuka kama saladi. Haidhuru.

Mke wangu amesema angenishauri niende kwa Mama badala ya huko mlimani. Nimemwambia asiniharibie umakini.

Alhamisi, 7 Novemba

Vifundo vimevimba. Kimoja kinatoa maji.

Adhuhuri Dada akanipigia, akampa Mama simu. Nilikuwa kazini, nikiwaandikia wenzangu ujumbe wa siri kwamba Tak hukoroma. Mama akaniuliza nimekula. Nikasema ndiyo. Akauliza kama na huku Daegu mvua inanyesha. Nikasema ndiyo ndiyo, Mama. Kumbe huku ni jua kali! Kisha akawa hasemi kitu. Nilimsikia akipumua tu. Nikadhani mtandao una shida, nikasema haloo, haloo, nikakata. Dada amenitumia ujumbe baadaye: mtandao haukuwa na shida, Mama alikuwa amefurahi tu kwamba niko upande wa pili.

Sasa ningejuaje?

Ijumaa, 8 Novemba

Hekaluni. Baridi inayong'ata masikio. Simu zetu zote zimekusanywa langoni kwenye kikapu. Dada ana namba ya hekalu, nilimpa, nani asema sijali?

Anayetuongoza ni mtawa Jeongan, mama wa makamo mwenye kichwa kilichonyolewa na macho yasiyopepesa. Tumesujudu mara mia na nane. Nilipofika kama thelathini nilianza kuruka nyingine. Chakula cha jioni kinaliwa kimya, kisha unasuuza bakuli kwa maji na kipande cha figili, halafu unayanywa maji yale. Nikayanywa kwa sauti kubwa, kwa raha iliyoonekana. Mwenyekiti hakugeuka.

Mpango wa kwanza: nimemlisha Tak maandazi ya maharage matamu niliyoyaficha mkobani, apate usingizi kwenye kikao. Akala yote, akanishukuru kwa dhati, akasema hakujua kama nampenda. Kikaoni alisinzia kama nilivyotaka! Mtawa akamgonga begani kwa kibao cha mwanzi. Tak akafumbua macho, akatabasamu, akamshukuru naye pia. Basi Mwenyekiti akanong'ona, "Mtu yule amejiachia kweli." Amejiachia! Amelala usingizi!

Mpango wa pili umekufa kabla haujazaliwa. Nilimfuata mtawa Jeongan jikoni, nikamwomba kesho asubuhi amwite Tak katikati ya kikao, amwambie ana simu ya dharura, binti yake anaumwa. Mzaha mdogo tu, nikasema, wa wenzake kazini. Akanitazama kwa hayo macho yake. Akasema hapa hawatanii kwa habari za wagonjwa. Kisha akanipa vitunguu nimenye.

Jumamosi, 9 Novemba

USHINDI! Naandika haraka kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi tulikaa kikao kirefu, macho yamefumbwa. Mimi mbele, Mwenyekiti kulia kwangu, Tak nyuma. Vifundo vinawaka moto lakini uso wangu umetulia kama maji ya mtungini. Mara nikasikia nyayo. Mtawa Jeongan akainama sikioni, akanong'ona kwamba dada yangu yuko kwenye simu. Mama ananiulizia. Niende sasa hivi.

Nilikaribia kucheka! Hila yangu mwenyewe, neno kwa neno! Ama Tak alitusikia jikoni akaiiba, ama huyu mtawa ananipima baada ya ule mzaha wa jana. Atanipata mimi? Sikufumbua jicho. Sikutikisa hata kope.

Akaondoka. Akarudi. Safari hii alinishika bega. "Ndugu Ma, simu bado iko wazi. Anakusubiri."

Hapo ndipo nikasema, kwa sauti nzito kutoka tumboni, ya kutosha kusikika upande wa kulia: "Acha isubiri. Mimi niko hapa."

Kwa upenyo wa kope nikamwona Mwenyekiti amefumbua jicho moja, ananitazama. Ananitazama MIMI! Mtawa akasimama pale kidogo, kisha nyayo zake zikaenda zake. Nikakaa hadi kengele ya mchana. Dirisha nimelipata. Nitaweka chungu cha maua.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Mama amefariki.

Nilikuwa naongeza supu. Mwenyekiti alikaa mkabala nami, nikawa natafuna polepole, kila punje. Mtawa Jeongan akaja, akaiweka simu yangu kando ya bakuli. Dada alikuwa amepiga, amepiga, amepiga.

Nikasimama, miguu ikakataa. Vifundo vimekuwa kama viazi vitamu na chini yake hakuna hisia. Tak akageuza mgongo, akachutama mbele yangu, akasema, "Panda, kaka." Alinibeba hadi chini kwenye ngazi zote zile za mawe mpaka garini kwake, watu wote wakiangalia, Mwenyekiti naye akiangalia kutoka juu langoni. Alizima redio tu. Nami nilijaribu kumfikiria Mama, nikamfikiria kweli, lakini katikati ikanijia kwamba Tak naye ameacha mafungo kabla ya mwisho. Kwa hiyo tuko sare.

Nyumbani kwa Mama, Dada amekaa kando ya godoro. Alinieleza kwa sauti ya chini kama anayesoma mita ya maji. Mama aliamka asubuhi akaniulizia. Dada akapiga hekaluni, wakasema wanaenda kuniita, basi akamwekea Mama simu sikioni. Mama akauliza, anakuja? Dada akamwambia anakuja, anatembea, hekalu ni kubwa. Mama akasikiliza. Huko kwenye simu kulikuwa na shomoro na kale kakengele ka upepo kwenye paa. Mama akasema, "Pametulia huko." Hakusema tena kitu kingine.

Nikauliza kama ule mto wa kukanda mgongo ulifika.

Dada akasema umefika. Uko kwenye boksi.

Jumapili, 10 Novemba

Ukumbi wa msiba, mjini. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee, nimevaa suti nyeusi na kitambaa cha katani mkononi, nakaa kando ya picha ya Mama na kupokea watu. Wanasujudu kwa picha, wanainama kwangu, wanakwenda kunywa supu ya nyama yenye pilipili. Tak yupo tangu jana. Anapanga viatu mlangoni, anabeba masanduku ya vinywaji. Hajaombwa na mtu.

Mchana Mwenyekiti akaja! Sikumtegemea. Alisujudu vizuri sana, taratibu. Nami nikajinyoosha, uso wa maji ya mtungini. Supu hakunywa. Akaniita koridoni. Akasema jana asubuhi, aliponisikia pale kikaoni, moyo wake ulitikisika. Alikuwa ameshalichagua jina langu. Kisha mtawa akamweleza ni ujumbe gani alioniletea.

"Bwana Ma," akaniuliza, "jana asubuhi ulikuwa wapi?"

Nikamjibu, hekaluni, Mwenyekiti. Kando yako.

Akatikisa kichwa. Akavaa viatu vyake bila kukaa chini, akishika ukuta. Mlangoni alizungumza na Tak, muda mrefu. Nimeona Tak anainama, anainama tena. Basi amepewa kiti. Nilirudi kukaa kando ya picha. Katika picha Mama anacheka kidogo, kwa sababu aliyempiga picha ni mimi na mwanzoni nilisahau kutoa kifuniko cha kamera. Ilikuwa lini ile? Nimejaribu kukumbuka siku yenyewe, tulikuwa wapi, tulikula nini. Sikumbuki. Nakumbuka tu nilikuwa na haraka.

Jumatatu, 11 Novemba

Tumemzika mlimani nyuma ya shamba la tufaha. Ardhi ngumu, asubuhi ilikuwa na barafu. Nikatupa udongo wangu. Wengine wakashuka kwenda kula, Dada akabaki kwenye kaburi, nami nikabaki kwa sababu miguu inauma. Hakukuwa na la kufanya. Upepo. Kunguru mmoja. Kitu kikanipanda kooni, kikubwa, nikasikia kabisa kinakuja. Dada akasogea, akanishika mkono kama tulivyokuwa tukienda shule.

Mara simu ikatetema mfukoni. Nikaitoa kidogo tu, kwa upande. Mwenzangu wa kitengo cha malalamiko ananiandikia: Tak amekataa! Ameshukuru sana na amekataa. Amesema upakiaji unamtosha, mkuu wa idara angerudi nyumbani usiku na binti yake bado mdogo. Kiti kiko wazi!

Kile kitu kooni kikashuka. Sijui kilikwenda wapi. Dada akaniachia mkono, akaanza kuteremka.

Jumatano, 13 Novemba

Bado niko kijijini, ruhusa ya msiba inakwisha kesho. Sijapoteza muda. Tangu alfajiri naandika hotuba ya kumpelekea Mwenyekiti: jinsi kifo cha mama kilivyonifundisha kuwapo. Ni kitu kikali. Nimeweka shomoro na kengele ya upepo. Nimeandika kwamba sasa nasikia kila punje ya wali. Mtu aliyefiwa akiongea utulivu, nani atathubutu kumpinga? Tak hana msiba wowote wa kushindana nami. Asubuhi nimemwomba Dada anipige picha kaburini, macho nimefumba, ya kuambatanisha. Alipiga moja, imetoka na kidole chake. Nimemwomba arudie, akasema betri imekwisha.

Uani kuna pipa la kabichi ambazo Dada alikuwa amezitia chumvi kwa ajili ya kimchi, achari ya majira ya baridi. Kila mwaka walikuwa wakiitengeneza wawili, yeye na Mama. Amesema zikikaa zaidi zitaharibika. Nikasema pole, natafuta neno zuri zaidi la "huzuni".

Jioni hii akaja akaketi kando yangu hapa kibarazani. Alileta chai ya shayiri, vikombe viwili. Mikono yake myekundu kwa chumvi. Hakusema kitu, nami nikashukuru, maana nilikuwa katikati ya aya. Alikaa. Alikuwa anatazama kule shambani. Nadhani alikuwa analia kidogo, sikuangalia sawasawa, aya ilikuwa ngumu. Nikamwambia, "Dada, nisubiri, namalizia hapa." Akasema sawa.

Nimeinua kichwa sasa hivi. Hayupo. Chai yake ameiacha bila kuigusa na imepoa.

Watu wa siku hizi hawajui kutulia hata kidogo. Nitaiweka hiyo kwenye hotuba.