Kuachwa Mkavu Jumatatu ya Pasaka

Kislapály, Jumatatu ya Pasaka, saa nne asubuhi

Kwa Profesa Szilveszter Harkály,
Mkuu wa Idara ya Kuoanisha, Budapest

Mheshimiwa Profesa, mwanangu,

Natumaini umeshiba. Mimi pia nimeshiba, ila ni mkavu, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilijifunzia kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani, kwa hiyo ukiona naandika kwa sauti kubwa, nivumilie.

Unajua kama ninavyojua kwamba leo wanaume wanapita nyumba kwa nyumba kutumwagia maji sisi wanawake ili tusinyauke. Mwanaume anasema shairi lake, anamwaga, anapewa yai jekundu na kikombe cha palinka, ile pombe kali ya matunda, anakwenda zake. Nina miaka sabini na nane na sijakosa hata mara moja. Hata mwaka wa mafuriko nilimwagiwa, ingawa haikuwa lazima.

Lakini mwaka jana wazee watatu walitolewa mtaroni, maana kila nyumba ina kikombe na nyumba ni nyingi. Chama cha Wastaafu kikaamua: kila mzee mlango mmoja tu. Ninyi mkapewa kazi ya kupanga nani aende kwa nani, nchi nzima. Tukajaza fomu. Mwanaume anataja milango ambayo miguu yake inafika. Mwanamke anaweka msalaba mbele ya jina la asiyemtaka. Waliokubaliana mnawachorea mstari. Orodha imetoka, na mbele ya jina langu hakuna mtu. Kengele ya saa sita ikilia, basi. Atakayekuja na maji baada ya hapo amekuja kufua.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine yenu ina pupa. Mjukuu wangu Boróka, yule anayefanya kazi idarani kwako na hali chakula cha mchana, alinieleza kwa simu: "Bibi, mistari ni mamilioni, mashine haiwezi kuishika yote kwa pamoja. Inasoma mmoja mmoja. Ikikuta wawili bado wako huru, inawafunga papo hapo na kusonga mbele. Haigeuki nyuma." Nikamwambia hivyo hivyo ndivyo alivyoolewa dada yangu, na matokeo tumeyaona. Sasa, Mzee Kelemen, mgane mfuga nyuki, amenimwagia mimi miaka kumi na moja mfululizo. Kila mwaka anasahau shairi katikati, namkumbusha. Alikuwa na mistari miwili: wa kwangu, na wa Bi Piroska wa duka la nyuzi. Wa Piroska ulisomwa kwanza kwa sababu alirudisha fomu mwezi wa pili, mwanamke yule hana shughuli. Yangu ilichelewa chini ya kopo la unga. Kelemen kafungwa kwake, mimi nikapewa hewa.

2. Hiyo nusu yenu. Boróka anajivuna kwamba kanuni yenu ya kukadiria ina dhamana: mambo yaende vibaya vipi, watakaooanishwa hawapungui nusu ya wale ambao wangepatikana kwa mpango bora kabisa. "Imethibitishwa, Bibi!" Mwanangu, mkunga akikuhakikishia nusu ya mtoto, unamfungulia mlango? Fundi wa daraja la mto Tisza akikuahidi kwamba huanguki kabla ya katikati, unavuka? Na nusu ya wanawake wa nchi hii wakinyauka kwa mpigo, nani atawapikia wanahisabati? Mtakonda, mtakosea hesabu, nusu itakuwa robo, mwakani robo ya robo, na siku Boróka atakapoolewa taifa zima tutakuwa tumebaki mimi na Kelemen, tena tumetenganishwa na mashine.

3. Kazi yenu nimeirekebisha kwa mayai. Niliyapanga mezani, mekundu wanawake, meupe wanaume, uzi wa sufu katikati. Dakika nne tu. Kuna mwingine aliyeachwa hapa kijijini: Mzee Dezső, fundi saa mstaafu. Ana mstari mmoja, wa Piroska. Kwangu hana, na hayo tusiyaingilie. Tazama: uzi wa Kelemen na Piroska ukate. Dezső aende kwa Piroska, Kelemen aje kwangu. Umekata mmoja, umefunga wawili! Boróka alicheka mpaka akakohoa: "Bibi, ukizitafuta njia fupi zote za namna hiyo ukazirekebisha, dhamana inapanda hadi theluthi mbili!" Kumbe mnajua! "Ila inabidi mistari isomwe upya, Bibi, mara kadhaa, na Pasaka haitusubiri." Kwani mimi inanisubiri?

4. Juzi nilimwendea Piroska kwa adabu, abadilishe. Akanijibu: "We Rozália, utanyauka mara ngapi? Ulishakauka zamani, wewe sasa ni wa kutiwa kwenye supu." Haya yaingie kwenye kumbukumbu za idara. Kelemen naye, uzioni, hakuinua hata kofia: "Karatasi imesema, Rozi." Miaka kumi na moja, mwanangu. Nyumba isiyopigwa hodi siku ya leo, watu wanaanza kuipita kimya kimya, kama haina mtu.

Kwa hiyo naomba uzi wa Kelemen ukatwe kabla ya saa sita. Ikishindikana, wanahisabati wote kumi na wanne, wewe ukitangulia, pandeni treni inayofuata, kila mtu na chupa yake ya maji. Hiyo itakuwa mara kumi na nne ya mpango bora kabisa, nendeni mkaithibitishe. Nyama ya moshi ipo, keki ya mbegu za mpopi ipo. Barua hii naipiga picha, Boróka atakusomea hata kama uko mezani.

Msalimie mama yako. Wasalimie wote idarani, hata huyo aliyethibitisha nusu. Mwambie avae sweta. Boróka ale.

Ni mimi, mkavu lakini mwenye heshima zote,
Rozália Csikós

Nyongeza: Msikate chochote! Sijapiga hata hiyo picha, Dezső huyu hapa langoni, kavaa suti ya harusi, kabeba ndoo ya kisimani. "Najua sina mstari kwako," akasema, "ila karatasi yangu ni tupu, nikaona nije niulize kwa mdomo." Nikakumbuka nilivyoijaza ile fomu, mwanangu: misalaba kumi na tisa, wanaume wote isipokuwa Kelemen. Wa Dezső niliukandamiza mpaka karatasi ikatoboka, kwa sababu mwaka sabini na tisa alisema mbele za watu kwamba keki yangu ni ngumu. Mashine ingenichorea nini hapo? Kabla sijajibu akamwaga ndoo nzima. Nimelowa mpaka soksi, nacheka kama mwehu, na wino huu unatiririka. Sasa hivi yuko kwenye kipande cha nne cha keki. Kelemen abaki huko huko kwa Piroska. Na ule msalaba wa Dezső ufuteni. Ile mingine iacheni.