Taya Lililopikwa Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Juni. Miezi saba na siku nne tangu niondoke nyumbani. Mama Watoto amepiga simu: kaka yake sasa ndiye anayekalia kiti changu. Kiti changu! Nimemwomba Dokta, mkuu wa uchimbaji, ruhusa. Anasema twende likizo makreti manne ya mifupa ya kale yakishaoshwa. Kwa maji baridi na mswaki. Mnyama amekufa miaka elfu thelathini, leo ndiyo anapigwa mswaki!

Jumanne, 4. Mwenzangu tunamwita Taratibu. Kutwa nzima ameosha nusu ya taya la swala. Nusu ya pili nimepewa mimi. Nimemsihi aongeze mwendo, akajibu mwenda pole hajikwai. Methali za watu wasio na shemeji hizo! Nimebandika sufuria jikoni kimyakimya. Maji yakichemka udongo unatoka wenyewe. Kreti zima kabla ya chai.

Ijumaa, 7. Makreti yote safi. Dokta amenisifu, mimi, si Taratibu. Mkemia amechukua vipande. Eti mashine yake hujua mfupa uliowahi kupata moto, hata kama rangi haikubadilika. Nimecheka. Mfupa una mdomo?

Jumatatu, 10. Unao! Mashine imesema mifupa ilipata moto. Dokta anatokwa machozi ya furaha: watu wa kale walipika hapa! Likizo imefutwa. Tuchimbe miezi miwili zaidi, tutafute meko yao. Na mimi nayajua yalipo, sufuria bado iko juu yake.

Jumanne, 11. Mkemia ameuliza mbele ya wote: swala gani huyu, taya upande mmoja limechemshwa, upande wa pili bichi? Taratibu akanigeukia. "Ndugu yangu, kumbe mtu wa kale ni wewe!" Hata mpishi amecheka. Nimekiri. Dokta hakugomba. Amesema tu kwamba habari niliyoifuta ndani ya mifupa hairudi tena, akaenda kukaa peke yake. Afadhali angegomba.

Jumatano, 12. Makreti manne mapya, ya kwangu peke yangu. Nikimaliza, niende. Ufunguo wa jiko anao Taratibu, anautembeza shingoni kama medali. Sawa. Maji baridi, naapa. Ila kuhusu kukausha hawakusema neno, na bati la stoo saa saba mchana linakaanga yai. Nimempigia Mama Watoto: kaka yake anyanyuke, Jumapili nafika.