Miaka Saba ya Maharage

Habari iliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale na Ssebo, kama kawaida yake, juu ya pikipiki iliyojaa matope ya njia nzima ya kutoka Mbarara. Hata injini hajazima, alikwishaanza kupiga kelele kuelekea kibanda cha chai cha Mariette.

"Banange! Redio ya Mbarara imesema! Watu ya interview wanarudi mwezi ujao! Amerika iko karibu sana!"

Walimpa jina la Ssebo kwa sababu yeye, Mnyankore wa Rugaaga, humwita kila kiumbe ssebo, yaani bwana, hata mbuzi akimzibia njia.

Valentin aliruka kutoka kwenye benchi hadi chai ikamwagikia suruali. Habari ilikuwa yake. Miaka saba faili lake la kuhamishiwa Amerika lilikuwa linasubiri, na miaka hiyo hiyo sanduku lake la safari lilikaa mlangoni, limefungwa tayari, ndani mna koti zito la theluji, soksi za sufu na glavu. Ndiyo maana hapo kijiweni hakuna aliyemwita Valentin. Walimwita Valizi, yaani sanduku, akaitika.

"Mulisema dosiye yangu imeoza!" alisema, akiwanyoshea kidole wote. "Sasa? Musemeko tena!"

"Sasa kaa, unamwanga chai," alisema Mariette, akigeuza mandazi bila kumtazama.

Kwenye kona ya benchi, Mutware alifungua kamusi yake isiyo na jalada. Huyu alichunga ng'ombe milima ya Minembwe tangu utotoni, na sasa, akiwa na miaka hamsini na minne, alikuwa anasoma Kiingereza cha jioni kwa mwalimu Bénédicte. Hapo kijiweni cheo chake kilikuwa Diksioneri, na alikibeba kwa fahari.

"Valizi, neno lako limenifikia hata mimi," alisema. "Mwalimu ametupa verbe moya: settle. Anataka maana tano, na kila maana mfano wa mutu tunajua. Ya kwanza: kukaa fasi moya, ukajenga, ukapanda."

"Hiyo toa Valizi, ssebo," alidakia Ssebo. "Huyu anapanda maharage tu. Miaka saba! Miezi tatu anavuna, anasema mara ingine mimi hapana kuwa hapa. Kumbe iko!"

Ilikuwa kweli. Shamba la Valizi halikuwahi kuona mmea unaodai zaidi ya miezi mitatu. Choo chake kilizungushiwa turubai. Mgomba unataka mwaka na zaidi, alikuwa akisema, na mwaka ujao mimi niko ng'ambo.

"Na huko ku redio banaongeza ri- mbele, banasema resettle," aliendelea Mutware, "maana yake kurudilia. Mimi nauliza tu kama mwanafunzi: utarudilia je kitu haukufanya hata mara moya?"

Ssebo alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda. Valizi naye alitabasamu, kwa shida.

"Ya pili: majani ya chai kushuka chini ya kikombe."

"Hayo yanashuka kama kikombe hakitikiswe," alisema Mariette.

"Na huyu redio inamtikisa kila wiki!" alisema Ssebo.

"Ya tatu, kumaliza ugomvi. Ya ine, kulipa deni." Benchi zima lilikuwa na deni la chai; kila mtu akachungulia kikombe chake. Mutware naye aligeuza ukurasa upesi. "Ya tano iko na for nyuma. Hiyo ni kupokea kile kiko, juu ulikosa kile ulikuwa unataka."

Kijiko cha Mariette kilisimama juu ya mafuta.

"Rudilia hiyo."

Mutware alirudia, kwa sauti ndogo.

"Basi mfano umepata. Ndege ikikataa, Valizi ananioa. Ndege ikikubali, ananipungia mukono. Andika, Mutware, mwalimu atakupa pointi."

Safari hii hakucheka mtu. Kijiwe kizima kilijua kwamba miaka minne sasa Valizi ndiye anayemletea Mariette kuni kila asubuhi na kumzibia mabati yanayovuja, na kwamba andazi lililoiva vizuri kuliko yote huwekwa pembeni likimngoja yeye. Neno la ndoa ndilo ambalo halijawahi kumtoka. Aliambiwa kwamba ukiongeza mke kwenye faili, faili linarudi chini kabisa ya rundo, na alikuwa anaiogopa safari hiyo ya kurudi chini kuliko alivyowahi kuogopa njaa.

"Mariette, si vile. Dosiye..."

"Dosiye haizeeke. Mimi ninazeeka." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Jumamosi wazee ba Ngarama banakuja hapa. Kuko bwana moya wa migomba kule kwabo ananitaka. Ananijua miezi mbili tu, na amekwisha tuma wazee."

Valizi alimchukia huyo mwenye migomba papo hapo, kisha akaichukia redio, kisha akajichukia mwenyewe, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyouma. Aliweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga.

"Amekimbia," alisema Ssebo.

Hakukimbia. Alirudi akiburuta lile sanduku kwenye vumbi, gurudumu moja likilia.

"Ssebo, washa pikipiki."

"Interview ni mwezi ujao! Unaenda kulala Entebbe, kungoja ndege?"

"Naenda kwenu. Rugaaga. Kwa mama yako."

Mariette aliwatazama wakiondoka, akaunguza mandazi kumi na mawili.

Walirudi jua limeanza kushuka, na soko zima lilisimama kutazama. Valizi alikuwa amevaa koti la theluji, limefungwa hadi kidevuni, na glavu mikononi, jasho linamtiririka kama aliyetoka mtoni. Kule shambani kwa mama yake Ssebo ndipo alipogundua kwamba sanduku haliwezi kubeba nguo hizo na mzigo mpya kwa pamoja.

"Ameshikwa na malaria," alinong'ona Mutware.

Valizi alilaza sanduku mbele ya kibanda, akalifungua. Ndani mlikuwa na miche sita ya migomba, mizizi yake bado ina udongo mwekundu wa Rugaaga.

"Mariette," alisema bila kujali nani anasikia. "Ninakupenda, na nilikuwa mujinga. Ukikubali, kesho naenda ku ofisi, naandikisha jina lako mu dosiye. Ikirudi chini ya rundo, irudi. Tutangojea wawili."

Mariette alitoka kibandani. Aliinama, akatoa mche mmoja, akabonyeza shina kwa kidole gumba kama anayenunua sokoni.

"Hii iko ya matoke ao ya pombe?"

"Ya matoke."

"Ni vizuri. Utapanda nyuma ya jiko, ile maji ya kuoshea masahani ikuwe inamwangika pale."

"Mimi sina jiko."

"Najua hauna. Unajenga siku gani?"

Ssebo alirukia pikipiki na kupiga honi hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Mutware alilamba ncha ya kalamu yake.

"Mariette, sasa huu mfano niuweke ku maana ya ngapi?"

"Maliza chai, Diksioneri. Utaandika kwako."

Valizi alikuwa bado amesimama ndani ya koti lake, furaha na joto vikimgombania. Kuna jambo moja lilikuwa linamkereketa.

"Na bale wazee ba Ngarama?"

"Banakuja Jumamosi," alisema Mariette, akiwa amekwisharudi kwenye mafuta yake. "Bananywa chai, banalipa, banaenda. Na wewe toka pale na hiyo koti, unanitilia jasho ku migomba yangu."